Gagulo la Vizito

Daktari alisema kilo kumi na sita. Nikamjibu "inshallah" kwa sauti kubwa, mbele ya mdogo wangu Ihsan, na palepale moyoni nikamwomba Mungu asinisikie. Nasema wazi kwa sababu nimechoka kusifiwa. Watu wa mtaa wetu hapa Dumyat, Misri, wamenipa jina la shujaa. Shujaa gani anayelegea miguu akisikia harufu ya dawa wanayopigia deki hospitalini?

Figo za Ihsan zimekufa zote mbili. Jumamosi, Jumatatu na Jumatano analala saa nne kwenye mashine ya kusafisha damu, anarudi nyumbani na rangi ya unga. Ana miaka thelathini na minane na mabinti wawili wa shule ya msingi. Mumewe alitaka kumpa figo moja, damu zao hazikupatana. Kaka hatuna, baba na mama wametangulia. Nikabaki mimi, Inshirah, Mama Hilmi, mjane wa miaka hamsini na mmoja, mshona mapazia, kilo tisini na saba. Walinipima damu, mkojo, moyo, mapafu, na kila kipimo nilichokiombea kishindwe kilifaulu. Kikabaki kizuizi kimoja tu, unene.

"Chini ya themanini na moja, ndipo tutazungumza tarehe," akasema daktari, mwanamke mdogo kuliko hata viatu vyangu. "Na usijinyime chakula, mama. Anayejishindisha njaa simpasui. Upungue kilo mbili, mbili na nusu kwa mwezi, kwa kula chakula chenu cha kila siku kwa akili. Utembee. Na usiwe peke yako, tafuta wenzako."

Nikapiga hesabu ya vidole. Miezi saba! Ihsan alikuwa analia kwa furaha begani kwangu, nami nilikuwa nafurahi kuliko yeye, kwa sababu nilijijua. Mimi ndiye ninayekula mikate mitatu ya ngano na sahani ya ful, yale maharage yetu ya asubuhi, yanayoogelea samli kabla jua halijapanda vizuri. Nikasema moyoni, kwa tumbo hili, hawanipati.

Sasa mtaniuliza woga huu umetoka wapi. Mama yetu alikwenda kutolewa vijiwe vya nyongo. Jambo dogo, wakasema, mchana atakuwa anakunywa mchuzi. Aliponipa ndara zake mlangoni alikuwa anacheka, akaniambia nisizipoteze, ni mpya. Nikakaa kwenye benchi la ukumbini nimezipakata. Nilizipakata hadi adhuhuri, hadi alasiri, kisha mlango ukafunguka na mtu akatoka akiwa ameshavua barakoa, na kabla hajasema neno nikajua. Nilirudi nyumbani na ndara. Ihsan alikuwa msichana wa shule, akaniuliza, "Mama yuko wapi?" Zimo kabatini mwangu hadi leo, hazijavaliwa na mtu.

Karakana yetu ina wanawake watatu. Tunashona mapazia ya mabibi harusi, maana Dumyat msichana haolewi mpaka nyumba yake ivalishwe kila dirisha. Hajati Fawkiya ndiye mkata vitambaa, mkubwa wetu, ana kisukari na magoti yanayolia akipanda ngazi. Galila ndiye anayepiga cherehani, mwembamba kama uzi anaoutunga, na ulimi wake Mungu ndiye anayeujua. Mimi nashona pindo kwa mkono. Nilipowaeleza aliyosema daktari, Hajati akaweka mkasi chini.

"Basi tunaingia wote," akasema. "Daktari wangu naye ananiimbia wimbo huohuo miaka sita. Wewe Galila, utatuandikia."

"Mimi nipunguze nini, Hajati? Nikipungua si mtaniokota kwa sumaku?"

"Utapunguza umbea. Andika."

Ndivyo tulivyoanza. Kila Alhamisi kabla ya kufunga, tunapanda mmoja mmoja kwenye mizani ya chini tunayopimia majora ya vitambaa, Galila anaandika ukutani kwa chaki ya fundi. Chakula cha mchana kila mtu anakuja nacho na tunakila pamoja: mkate mmoja badala ya mitatu, ful kwa limau na kijiko kimoja cha mafuta, nusu ya sahani mboga mbichi. Chai kijiko kimoja cha sukari. Kuku na bata tunakula, ngozi tunaiacha. Jioni tukitoka tunatembea ukingoni mwa Naili hadi darajani na kurudi, Hajati akilalamikia magoti, Galila akitusimulia habari za kila nyumba tunayoipita.

Sharti kubwa lilikuwa moja: kuapiana ni marufuku. Mnajua wenyewe mtu akikukaribisha kwetu. Hakwambii tu karibu ule. Anakuapia kwa Mungu kwamba utakula, na ukikataa umemfanya mwapaji wa uongo. Nusu ya unene wangu niliula ili watu wasiingie dhambini, wallahi!

Mwezi wa pili Hajati akatualika kwake Ijumaa. Alipika bata wa kwetu, amejazwa vitunguu hadi anataka kupasuka. Nikala paja, nikala saladi, nikaweka mkono kifuani kushukuru. Mkono wake ukaja na bawa, mazoea ya miaka sitini, na mdomo ukamtoka: "Wallahi al-adhim utakula hili!"

Galila akaziba mdomo kwa kiganja.

"Sili, Hajati," nikasema.

"Mama Hilmi, nimeshaapa!"

"Ndiyo maana sili."

Akanitazama kwa ukali, halafu akaanza kucheka hadi machozi. Kafara ya kiapo ni kulisha maskini kumi, basi bata akatoka mlangoni na wali wake na supu yake, akaenda kulisha maskini kumi msikitini, na sisi tukabaki tunatafuna matango. Wiki ile Hajati alipungua kuliko sote. Mimi nilicheka nao, lakini nilipofika nyumbani nikakaa kitandani nikashikwa na baridi. Nilikataa bawa la bata. Mimi, Inshirah! Nikajiuliza nimelikataaje.

Hicho ndicho kilichonitisha. Nilidhani nitashindwa bila hata kujaribu. Sikujua kwamba ukila na watu wanaokula kwa kiasi, mkono wako nao unajifunza. Sikujua kwamba ukishatembea miezi miwili, siku usiyotembea unaona miguu inawasha. Tisini na saba ikawa tisini na nne. Ramadhani ikaingia, nikafuturu kwa tende tatu na supu kama wenzangu, ikawa tisini. Idi ikaja na vileja vyake, nikala viwili. Galila anaandika ukutani, Hajati anapiga vigelegele, na mimi nashuka kwenye mizani nikitabasamu. Wao waliona kilo inatoka. Mimi niliona meza ile ya upasuaji inasogea, na taa yake kubwa juu.

Hospitalini nilipimwa kila mwezi. Mwezi wa tano mizani ya muuguzi ikasoma themanini na nne.

"Hongera sana, mama!" akasema daktari. "Zimebaki tatu tu. Nianze kuangalia nafasi kwenye chumba cha upasuaji."

Ihsan akanishika mkono. Mkono wake una uvimbe pale wanapodunga sindano, ukiugusa unasikia damu inanguruma chini ya ngozi. "Dada," akaniambia, "nilikuwa siamini." Nikamwambia alhamdulillah.

Nilipotoka hospitalini nikamwacha kwake ghorofa ya juu, nikashuka kama ninakwenda sokoni. Nikanunua mishabaki, zile tamu zetu za kukaanga zilizoloweshwa kwenye shira, boksi zima. Nikajifungia jikoni. Nikasema leo nakula hadi nirudi tisini. Nilikula mbili. Ya tatu nikaitafuna, ikakataa kushuka. Sukari ilinipanda kichwani, nikatapika kwenye sinki. Nikakaa sakafuni na boksi mapajani nikilia kwa hasira, maana hata ulafi wangu niliokuwa nautegemea ulikuwa umenitoroka. Tumbo lilishazoea. Lilishapata adabu bila kuniuliza mimi mwenyewe.

Kesho yake nilikuwa nashona pindo la pazia la sebule, kitambaa kizito cha rangi ya mvinyo. Ndani ya pindo la pazia tunatia kamba ya vizito, vipande vidogo vya madini ya risasi vilivyotungwa ndani ya mfuko mwembamba wa kitambaa, ili pazia linyooke lisipeperuke. Kamba ile ukiishika haionekani kitu, lakini ukiinua viganja viwili vyake unasikia mkono unavutwa chini. Nilikuwa naishika. Nikaitazama.

Jioni nilibaki nyuma, nikasema nina pindo la kumalizia. Nikakata kamba ya kutosha, nikajaza kifurushi changu. Nyumbani nikatoa gagulo langu jeupe la pamba, nikashona ndani ya upindo wake safu tatu za vizito, moja juu ya nyingine, mikono ikinitetemeka. Miaka thelathini nashona, sijawahi kushona vibaya vile. Nilipolivaa chini ya gauni likaninyoosha miguu kuelekea ardhini. Kilo mbili.

Alhamisi nikapanda mizani, themanini na tano. Alhamisi iliyofuata, themanini na tano na robo. Nilikuwa naendelea kupungua ndani ya gagulo, nikaongeza safu. Naona aibu hata kuandika.

"Mama Hilmi, mbona umekwama?" Galila akauliza, chaki mkononi.

"Mwili wa mtu mzima," nikajibu. "Unagoma."

"Si ugome kwangu mimi ninayehitaji hizo kilo!"

Lakini hawakuniacha, na hilo ndilo lililoniua. Hajati akaanza kufunga Jumatatu na Alhamisi akiniombea. Matembezi yakawa hadi daraja la pili, na magoti yake yale! Galila, ambaye hana hata nyama ya kubana kwa vidole, akaacha sukari kabisa. "Nakunywa chai chungu pamoja nawe," akasema, "hadi Ihsan apate figo. Nimeweka nadhiri, usinitazame hivyo." Alikuwa anakunja uso kila fundo. Na mimi nimekaa mbele yake, gagulo linanivuta miguu kwa uzito, nakunywa chai na kusema Mungu akulipe.

Mwezi wa sita hospitalini, themanini na nne na nusu. Daktari akakunja uso. Akaniuliza kama nina msongo wa mawazo, nikasema hapana. Tulirudi na Ihsan hadi kwenye ngazi za nyumba. Pale akasimama kuvuta pumzi, akashika ukuta.

"Usijali, dada," akasema. "Utafika."

Wiki mbili baadaye mshipa wa mkono wake ukaziba. Nilikwenda kumwona, nikamkuta wamemwekea mpira wa kupitishia damu shingoni, umeshonwa kwenye ngozi, na shingo yote imebadilika rangi. Muuguzi akanivuta pembeni. Mpira huu ni wa muda, akasema, unaingiza vijidudu kwenye damu haraka, na mkono wa pili mishipa yake ni myembamba. Usiku ule sikulala, na usiku wa pili sikulala. Nilikuwa naogopa kufa, na nilikuwa naogopa Ihsan afe, na woga mmoja haukuwa unaumeza mwingine. Ilikuwa miwili, yote mizima, inakula sahani moja. Mara tatu nilichukua mkasi nikafungue upindo wa gagulo. Mara tatu nikaona ndara za mama.

Kipimo cha mwezi wa saba kikapangwa Jumanne. Jumapili jioni binti mkubwa wa Ihsan akashuka kuchukua nguo zangu chafu, maana mashine yangu ya kufulia imeharibika na ya kwao inafanya kazi. Nilikuwa msikitini kwa swala ya magharibi. Niliporudi nikakuta kikapu hakipo, na gagulo lilikuwa chini kabisa ya kikapu. Moyo ulinipaa. Nikapanda ngazi mbilimbili, mimi ambaye mwaka jana nilikuwa napumzika kila ghorofa. Nikamkuta Ihsan amelala kwenye kochi, mashine ya kufulia inazunguka, mabinti wanaandika kazi za shule.

"Dada, umekimbizwa?" akauliza.

"Nguo... nilitaka kukusaidia kuanika."

"Watoto wataanika. Kaa unywe maji."

Nikamtazama usoni. Hapakuwa na kitu. Nikajituliza kwamba katupa kila kitu ndani bila kuangalia, na risasi haiozi kwa maji. Jumatatu alasiri, baada ya mashine yake ya damu, nguo zikashuka zimepigwa pasi na kukunjwa, gagulo likiwa juu ya nyingine. "Upindo ulikuwa umelegea," akasema Ihsan mlangoni. "Nimeupitisha uzi." Akageuka akapanda zake, polepole, mkono kwenye ukuta. Nikashika upindo. Vizito vilikuwemo vyote. Nikasema alhamdulillah, hajagundua, kagusa juu juu tu. Mtu mwenye hofu anaamini anachotaka.

Jumanne asubuhi Hajati na Galila wakafunga karakana wakaja nasi. Hajati alisema hawezi kukaa akakate kitambaa huku mimi napimwa. Galila alisema anataka kuiona hiyo mizani ya hospitali, huenda ni mbovu, aipige teke. Tukakaa benchini ukumbini, wanne kwa mstari. Harufu ya dawa ya sakafu ikaniingia puani. Ihsan alikuwa amefunga mtandio juu ili mpira wa shingoni usionekane. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Inshirah!" muuguzi akaita. "Vua viatu, mama, uje."

Nikavua viatu. Ihsan akainama, akaviokota, akaviweka mapajani mwake. Akavishika kwa mikono miwili.

Nikasimama palepale. Halafu, sijui kwa nini, mkono wangu ukashuka kwenye upindo, nikauvuta kidogo chini ya gauni niuhakikishe, na jicho langu likaangukia kwenye mshono. Haukuwa wangu. Mimi nilishona ovyo, na nyuzi zilikuwa zinaning'inia. Huu ulikuwa umenyooka, sindano kwa sindano, umekazwa, na ulikuwa umelalia upande wa kushoto. Katika ukoo wetu mtu mmoja tu anashona hivyo. Mimi ndiye niliyemfundisha, nikamchapa vidole aache mkono wa kushoto, hakuacha.

Alikuwa ameufungua upindo wote. Alikuwa ameviona vizito vyote, safu nne, alikuwa amevipapasa na kuvielewa, maana naye alishona mapazia kabla ya kuugua. Na akavirudisha. Kimoja kimoja, na mpira shingoni, akavirudisha mahali pake, akaushona upindo vizuri ili usije ukafumuka nikaaibika mbele za watu.

Nikamgeukia. Alikuwa ananitazama. Hakukunja uso wala hakulia. Akatikisa kichwa kidogo tu, kama mtu anayekwambia nenda, si kitu.

"Mama Hilmi, muuguzi anasubiri," akasema Hajati.

Nikaingiza mikono chini ya gauni, palepale ukumbini, Mungu anisamehe, nikafungua kamba ya kiunoni. Gagulo likaanguka. Liligonga sakafu kwa kishindo hata mzee aliyekuwa amesinzia benchi la pili akaruka akasema bismillahi.

Galila akainama akalishika. Akalipapasa upindo. Nikaona midomo yake inahesabu safu.

"Hivi ni vizito vyetu," akasema taratibu. Kisha akapandisha sauti. "Hivi ni vizito vya karakana! Inshirah! Miezi miwili mimi nakunywa chai chungu! Miezi miwili nakunywa dawa ya mende nikisema ni chai, na wewe umevaa pazia?"

"Galila, shusha sauti," akasema Hajati.

"Sishushi! Nilidhani ni mwili wake! Nilimlilia Mungu kwa mwili wa huyu!"

"Naogopa," nikasema.

Ndilo neno lililotoka, na lilipotoka likanivuta na mengine yote. Nikasema naogopa kisu. Nikasema naogopa ile sindano wanayokuambia hesabu hadi kumi na hufiki. Nikasema mama alinipa ndara mlangoni akicheka na sikumwona tena anacheka. Nikasema nimeogopa tangu siku ya kwanza, kila kilo, kila Alhamisi, na ninaogopa sasa hivi, siwezi kusimama. Na kweli sikuweza. Hajati akanishika kiuno, na magoti yake yakalia kwa uzito wangu.

Akanishikilia hivyohivyo. "Miezi saba," akasema, si kwangu, kama anazungumza na ukuta. "Kila Alhamisi tumemuuliza kilo ngapi. Galila, nani kati yetu alimuuliza kama anaogopa?"

Galila alikuwa na gagulo mikononi. Machozi yakaanza kumtoka, na hasira haikuwa imeisha usoni, vyote viwili pamoja. "Hakuna," akasema.

"Basi na mimi nawaambia. Kisu sikijui, lakini kila usiku naogopa kuamka nimepofuka kwa sukari. Ndiyo maana natembea hadi daraja la pili, si kwa uchamungu. Haya. Mama Hilmi, ukitaka kurudi nyumbani, tunarudi nawe. Ukitaka kupanda, tunasimama hapa. Hakuna atakayekuapia."

Ihsan alisimama kwa shida. "Tunarudi, dada," akasema. "Nimeshakwambia kwa sindano. Sitaki unipe ukiwa hivi."

Nikamtazama shingo. Mtandio ulikuwa umeteleza, na mpira ulionekana, na uzi mweusi unaoushikilia kwenye ngozi yake. Mshono mbaya, wa haraka. Nikawaza, huyu fundi aliyeshona hapa hakumjua anayemshona. Na vidole vya huyuhuyu vilikaa usiku kunishonea mimi uwongo wangu vizuri.

Nikapanda mizani. Miguu mitupu, na chuma chake kilikuwa cha baridi. Muuguzi akasogeza chuma kimoja, akasogeza cha pili, akakirudisha nyuma, akakirudisha tena.

"Sabini na tisa na nusu," akasema. "Mama, ulikuwa umebeba nini?"

Daktari akatoka na daftari lake. Aliwatazama wanawake watatu wanaolia, na gagulo, na mimi, na nadhani alielewa, kwa sababu hakuuliza kitu kuhusu mwezi uliopita. Akanivuta pembeni, akaniuliza mara tatu, kwa utulivu, kama ninataka. Akaniambia naweza kukataa, na Ihsan ataambiwa tu kwamba vipimo havikufaa. Akaniambia nitaonana na mtu wa dawa za usingizi kabla, nimuulize kila kitu, na nimweleze habari ya mama. Nikamwambia ninaogopa sana. Nikamwambia ninataka. Akaandika vyote viwili.

Upasuaji ni Jumapili ijayo. Leo ni Alhamisi, tumeshapimana ukutani. Kabla ya kupanda, kila mmoja anasema anachokiogopa wiki hii, ndipo anapanda. Galila alisema anaogopa kuniona nimelala. Hajati akasema na yeye hivyohivyo. Mimi bado naogopa, na mchana nimekula ful yangu na nusu ya tango, nikashiba.

Lakini nilitaka kumalizia siku ile ya ukumbini. Tulipokuwa tunatoka, Ihsan bado alikuwa na viatu vyangu mikononi, alisahau kunirudishia, nami nilikuwa natembea peku kwenye sakafu ya hospitali.

"Siku hiyo hutavishika wewe," nikamwambia. "Utakuwa meza ya pili."

Akasimama. Hakuwa ameliwaza hilo. Nikaona hofu inaingia usoni mwake, ileile yangu, kwa mara ya kwanza. "Na vyangu?" akauliza. "Atashika nani?"

Galila akamnyang'anya viatu, akavitia kwapani pamoja na gagulo.

"Nitashika mimi," akasema. "Jozi zote mbili. Na nawaambia mapema, mimi sirudi nyumbani na viatu vya mtu."